Kadi ya Grafiki kwa Kompyuta ya Mtumba: Ununue Lini, Uchukue Ipi

Kompyuta nyingi za mezani ninazozikuta hapa Tabora ni mitumba ya ofisi. Ni imara, ila zilitengenezwa kwa kazi za barua na mahesabu, na pawa saplai zake, yaani visanduku vinavyogawa umeme ndani ya kompyuta, ni ndogo. Kadi yangu ya kwanza ya grafiki, yaani ile inayochora picha za gemu na video kwenye skrini, niliiagiza Kariakoo bila kufikiria hilo. Ilipofika kwa basi nikafungua kasha, nikapekua waya mmoja mmoja: wa pini nane ambao kadi iliutaka haukuwepo. Miezi minne ikakaa kabatini na pesa yangu.

Kwa hiyo fungua kasha kwanza, usome wati kwenye lebo ya pawa saplai. Pima na nafasi pia, maana kasha jembamba linataka kadi fupi ya kimo.

Wakati wa kununua utauona kwenye Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kazi za kompyuta, gemu au video ikiwa inaendelea. GPU (kadi ya grafiki) ikigota asilimia 100 huku CPU (prosesa) ikipumua, kadi ndiyo inayokubana. Ila kama RAM (kumbukumbu ya kazi) ni GB 4 na diski bado ni ile ya kuzunguka, weka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, na uongeze RAM kwanza. Nimeona wahariri wa video za harusi wakipona kwa hilo peke yake.

Namba moja kwangu ni RTX 3050 ya NVIDIA yenye kumbukumbu ya GB 6, iliyotoka 2024. Inakula wati 70, na nyingi zinajitosheleza kwa umeme wa sloti zinapochomekwa, bila waya wa ziada. Angalia sana boksi: ipo 3050 nyingine ya GB 8 inayokula wati 130 na inataka waya. Jina moja, kadi mbili tofauti kabisa.

Ya pili, kwa mwenye pawa saplai ya wati 450 na anayetaka magemu tu, ni RX 6600 ya AMD. Inaipita 3050 kwa mbali.

Anayeishi kwa kuhariri video au kutumia Blender, programu ya michoro ya 3D, achukue RTX 3060 ya GB 12, akiwa na wati 550. Lakini usiipachike kwenye kompyuta yenye prosesa ya zamani ya i5 ya kizazi cha nne. Kwenye magemu kadi itakaa ikiisubiri prosesa.

Pesa ikibana, GTX 1650 iliyotumika bado inafaa.

RX 6400 naiogopea mashine za zamani: inatumia njia nne tu za PCIe, sloti inayounganisha kadi na kompyuta, na kwenye toleo la zamani la PCIe 3.0 inapoteza kasi. GTX 1050 Ti na wenzake wa mwaka 2016 nimeacha kuwashauri watu, kwani NVIDIA ilisitisha madereva mapya ya magemu (programu za kuiendesha kadi) kwa kizazi hicho Oktoba 2025. RX 580 nayo inakula wati 185, na nyingi zilichoshwa kwenye kuchimba sarafu za kidijitali kabla sarafu ya Ethereum haijaachana na uchimbaji huo Septemba 2022.

Kadi bandia zipo: ya zamani hubadilishwa jina ionekane mpya. Programu ya GPU-Z, inayosoma taarifa halisi za kadi, huzifichua nyingi. Kama anayekununulia ni ndugu aliyeko Dar, mwombe arekodi video akiwa dukani, kadi imechomekwa, GPU-Z imefunguliwa, gemu limechezwa dakika 15. Ndipo aipeleke stendi.