Kadi za mazungumzo ya Kiingereza kwa kidato cha 1 na 2: zinafaa, lakini zirekebishwe

Pakiti hizi za kadi, zinazopatikana kwenye maduka ya vifaa vya shule mjini Moshi, zina jozi 12. Darasa la wanafunzi 60 linahitaji jozi 30, kwa hiyo andaa hela ya fotokopi.

Zoezi bora ni la ramani. Mwanafunzi A anajua duka la dawa liko wapi, B anajua benki. Kila mmoja lazima aulize ili ajaze yake. Hapo ndipo mdomo unafunguka, kwa sababu jibu halipo ubaoni. Waketi wakipeana mgongo, la sivyo watachunguliana na zoezi limekufa. Kabla ya kuanza, andika ubaoni sentensi tano za kuulizia njia, mzirudie pamoja, kisha toa dakika nane. Ukiruka hatua hii watahamia Kiswahili ndani ya dakika moja; si uvivu, ni kukosa maneno. Usikatize kusahihisha: zunguka na daftari, nakili makosa matatu yanayojirudia, myajadili mwishoni.

Ramani yenyewe ni ya mji wa Uingereza, wenye stesheni ya treni za chini ya ardhi! Chora ya kwenu: mnara wa saa, stendi, soko la Mbuyuni.

Kadi za mdahalo ni dhaifu. Mada ni pana mno, na wawili wenye Kiingereza kizuri huongea peke yao. Karatasi nayo ni laini. Bila laminesheni haimalizi muhula.