Kofia ya mkono yenye karafuu za babu: uzoefu wangu

Kwa harusi ya mdogo wangu nilitaka kofia ya mkono, si ya mashine, na nilitaka iwe na karafuu. Babu alikuwa mchumaji huko Wete, Pemba. Likizo zangu za utotoni ni majamvi yaliyotandazwa uani na sisi wajukuu tukichambua, karafuu huku, makonyo, vile vikonyo vyake, kule, mpaka vidole vinanukia hadi usiku. Maua ya kofia za dukani yanapendeza, lakini hayanihusu.

Nilimpata mama mmoja wa Unguja anayeshonea nyumbani. Tukapatana laki moja na nusu, nusu mbele. Mchoro wa kwanza ulikuwa msumari mtupu. Nilipomwambia, hakukasirika. "Ngoja, mwanangu." Akaingia jikoni, akatoka na karafuu moja kavu, akailaza juu ya kitambaa na kuanza upya kwa penseli: kichwa cha mviringo, meno manne yaliyokishika, shingo fupi. Hapo ndipo nilipoona kazi yenyewe. Kitambaa cha pamba ni tabaka mbili. Kila kitundu hutobolewa kwa ncha ya chuma, kisha huzungushiwa uzi kwa sindano mpaka ukingo unakuwa mgumu. Karafuu moja ina vitundu 9. Kofia yangu ina karafuu 12.

Kasoro ni muda. Miezi mitatu tuliyoahidiana ikawa mitano, harusi ikapita, nikavaa kofia ya kuazima. Liliniuma sana.

Lakini ilipofika! Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Kwa mbali ni kofia kama kofia nyingine. Mjomba wangu alikuja kutoka Maskati, Oman, kule kofia hii wanakoiita kumma, akaishika, akapitisha kidole gumba pembeni, akanyamaza. "Hizi karafuu." Kisha akaanza kusimulia habari za babu, jinsi alivyokuwa akikwea mkarafuu, na kahawa ikapoa mezani.

Nimeshaifua mara tatu, nikaitia wanga na kuianika juu ya bakuli lililopinduliwa. Hakuna kitundu kilichofumuka. Inabana kidogo, kosa langu, nilipimwa baada ya kunyoa na nikakadiria vibaya.

Nimeagiza ya pili, ya mwanangu wa miaka 6. Safari hii kipimo nimekichukua kwa uzi, nikamwachia nafasi ya kukua, na karafuu ya mfano nimempelekea mama mwenyewe, kutoka mkarafuu uleule wa Wete.