Maonesho ya robo karne ya Tamasha la Nchi za Jahazi: uzoefu wangu

Nilikwenda Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuangalia maonesho ya picha na mabango yaliyoandaliwa na kikundi cha vijana kuadhimisha robo karne ya Tamasha la Nchi za Jahazi, tamasha la filamu ambalo wengi wetu huliita ZIFF, kifupi cha jina lake la Kiingereza. Hakuna kiingilio, ila kuna sanduku la mchango mlangoni.

Chumba cha chini kinaeleza asili yake: taasisi iliundwa mwaka 1997, tamasha la mwanzo likafanyika 1998, kwa nia ya kuzikutanisha kwa filamu na muziki nchi zilizounganishwa na majahazi kwa karne nyingi, kuanzia mwambao wetu hadi Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Nilitarajia pia kuona neno kuhusu pepo za msimu, kwa sababu tamasha limezoeleka kufanyika Julai, katikati ya kusi, upepo utokao kusini, wakati ambao zamani majahazi ya wageni yalikuwa yameshatweka kurejea kwao. Mabango ya Ngome Kongwe, ukumbi mkuu wa tamasha, ni mengi mno, na baada ya machache yote hufanana.

Utamu uko ghorofani, katika chumba cha picha za filamu zilizooneshwa vijijini, Unguja na Pemba. Katika picha moja shuka jeupe limefungwa baina ya minazi miwili, watoto wamejaa kwenye mikeka, na bibi mmoja amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga akicheka, huku mwanga wa filamu ukimulika miwani yake. Kwa maoni yangu picha hiyo inalieleza tamasha kuliko picha zote za wageni waalikwa waliopokea tuzo ya Jahazi la Dhahabu.

Kasoro kubwa ni maelezo. Picha nyingi hazina mwaka wala jina la kijiji, na Kiswahili kimewekwa chini ya Kiingereza kwa herufi ndogo, jambo lisilofaa katika maonesho yanayowahusu watazamaji wa Makunduchi na Wete. Vilevile sinema ya Majestic ya Vuga, iliyojengwa miaka ya 1950 baada ya jumba la mwanzo kuungua, imepewa sentensi moja tu, ilhali kufungwa kwa majumba ya sinema ya mjini ndiko kulikoifanya Ngome Kongwe iwe na umuhimu huo.

Ngazi ni kali na hazina pa kushikia. Nilipouliza, kijana wa mlangoni alinijibu, "Mama, wazee tunawaletea albamu hapa chini," na kweli picha za vijijini zote zimo humo.