Sinthesaiza ya Kwanza ya Bendi: Itafute Sauti Gizani

Assalamu aleikum watazamaji wangu, karibuni tena hapa Mombasa. Leo nina vinanda vitatu mezani, kwa sababu ya swali mnaloniuliza kila mara: bendi yetu imeanza kuitwa harusini na mahotelini, tununue sinthesaiza gani ya kwanza, yaani kinanda cha umeme chenye sauti za ala nyingi?

Jibu langu ni hili: nunua ile ambayo mkono wako unaipata sauti hata taa zikiwa zimezimwa. Kinanda kinaweza kuwa na sauti elfu moja, lakini kama ukitaka ogani lazima uchimbe menyu na mwimbaji ameshaingia, hakijakufaa kitu.

Naanza na hii, Roland Juno-DS61, iliyotoka 2015. Ina kii 61, na uzito wake ni kilo 5.3. Nikivuka Likoni kwenda kupiga Diani, naipakia begani mpaka ndani ya feri. Tazameni hapa juu: piano ina kitufe chake, ogani ina chake, fidla chake, tarumbeta chake. Halafu kuna kitufe cha Favorite. Sauti za usiku ule nazipanga humo kwa mfuatano wa nyimbo zetu, nyumbani, mapema. Jukwaani kazi yangu inabaki kubonyeza tu.

Sasa naigeuza. Mnaona kifuniko hiki? Humu hukaa betri 8 za saizi ya AA. Mimi hutia zile za kuchaji. Wengi hawakijali kifuniko hiki, mimi nakijali sana, nawaambia kwa nini. Tulikuwa na harusi Bamburi, biharusi ameshaingia ukumbini, stima zikakatika. Jenereta ilipowaka, gitaa na besi zikarudi papo hapo. Kinanda nilichokuwa nacho wakati ule hakikuwa cha betri, kwa hiyo kilianza kujiwasha upya, polepole, kisha kikaamka na sauti ya piano, ilhali wimbo ulikuwa wa fidla. Biharusi kasimama katikati ya zulia anatungoja. Tangu siku ile, kazi yenye wasiwasi wa umeme naipiga kwa betri mwanzo hadi mwisho.

Cha pili ni Yamaha MX61. Kilo 4.8, chepesi zaidi, na sauti zake zimetokana na Motif XS, kinanda kikubwa cha Yamaha cha kizazi cha nyuma. Piano yake naipenda kweli. Hakitumii betri, na kuzifikia sauti kunataka mazoezi zaidi. Ukikipata cha mtumba kwa bei nzuri, kichukue, lakini dukani fanya jaribio hili: shika kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, usiiachie, kisha badilisha sauti. Sikieni... imekatika. Wimbo wa polepole ukumbi mzima utasikia hilo pengo. Yamaha MODX, ya 2018, huiacha sauti ya kwanza imalizike yenyewe, ila bei yake ni kubwa zaidi.

Ndugu zangu, jambo la jukwaani: piano inayokupendeza chumbani peke yako ina uzito mwingi kwenye sauti za chini, na kule chini ndiko anakokaa mpiga besi. Mwambie fundi wa mitambo apunguze sauti nzito, zile za chini ya hertz 200, kwenye laini yako, na mkono wako wa kushoto utulie. Na kama spika za ukumbi ni za mono, yaani zote zinatoa sauti ile ile bila kutenga kushoto na kulia, usichomeke waya mbili. Chomeka moja tu, kwenye tundu lililoandikwa L/MONO. Ukichomeka R, tundu la kulia, peke yake, nusu ya piano yako imebaki ndani ya kinanda.

Hii ndogo ni Korg Minilogue, ya 2016. Nobu nyingi za kuzungusha, sauti iliyonona ya analogi, yaani inayozalishwa na saketi za umeme zenyewe. Lakini ni kii 37 nyembamba na noti 4 tu kwa wakati mmoja. Ukipiga ya tano, moja iliyotangulia inanyamaza. Iwe ya pili, bendi ikishajisimamia.

Wapigaji wa taarabu, nanyi sijawasahau. Ukipiga Bayati, moja ya maqamu, ile mipangilio ya noti ya Kiarabu, kuanzia D, ile E haikai kwenye E wala kwenye E-flati, inakaa kati, na kinanda cha kawaida hakina kii yake. Gurudumu la kupinda sauti hupinda noti zote mlizoshika pamoja, kwa hiyo halitawatosha. Tafuteni Korg za mfululizo wa Pa, au Yamaha PSR-A, zinazoshusha noti moja moja kwa senti 50, yaani robo toni. Mkipiga maqamu kila wiki, kwenu hilo ndilo la kwanza kabla ya uzito na kabla ya betri. Mzee wa udi aliyekaa kando yako atalisikia kosa kwenye mstari wa kwanza.

Kwa bendi ya chakacha, rege na rumba, mimi nawapa Juno-DS61. Msichukue neno langu tupu. Nazima taa ya chumba sasa hivi, nipo kwenye piano, nataka ogani, kisha tarumbeta, kisha nirudi piano, na mguu wangu usiache kupiga mdundo. Hesabuni pamoja nami: moja, mbili, tatu...