Only You (1994): muvi ya ubavu wa kuandikiwa ambayo watu wameisahau

Jumamosi mvua ilitufungia ndani huku Kondele, Kisumu, na kwa flashi nilikuwa na muvi tano nimewekewa na kijana wa duka la muvi pale steji, nne za kupigana na moja sikuwa nimeitisha. Nikamuuliza kwa WhatsApp hii Only You ni ya nini, akanijibu "anti hiyo niliongezea tu, nafasi ilikuwa imebaki." Sasa hiyo ya kuongezewa ndio nimekaa nayo kichwani wiki nzima.

Stori iko hivi. Faith (Marisa Tomei) akiwa na miaka 11 anacheza na kakake na ule ubao wa herufi wa kuita mizimu, anauliza ataolewa na nani, ubao unamwandikia jina zima, Damon Bradley. Baadaye anaenda kwa mpiga ramli, naye anamtajia jina lile lile. Imagini umekua na hilo jina kichwani. Sasa ni mtu mzima, ni ticha huko Pittsburgh, amepata mchumba daktari wa miguu, mtu mpole hana makosa yoyote, harusi imebaki siku kumi, simu inalia, ni rafiki wa zamani wa mchumba anaomba radhi hataweza kuja juu yuko njiani kwenda Venice. Anaitwa nani? Damon Bradley. Mtoto wa watu anatoka mbio mpaka eapoti na gauni ya harusi mwilini.

Hapo binamu yangu, ambaye nilikuwa naangalia naye, akanyamaza kabisa. Najua kwa nini. Miaka ya nyuma kuna nabii alikuja krusedi akamwambia mbele ya umati ati ubavu wake jina linaanza na J na anatoka ng'ambo ya ziwa. Binamu akangoja J wa ng'ambo miaka minne. Mwanaume akimsalimia tu, swali la kwanza jina, la pili kwenu wapi. Kuna mwalimu mmoja alimpenda kweli kweli, lakini watu wote walikuwa wanamwita Otieno, lile jina la Kiluo la waliozaliwa usiku, na kwao ni Muhoroni kwa miwa, ziwa liko wapi? Akakataliwa. Siku kadi ya harusi ya huyo mwalimu inafika kwetu, anaoa mtu mwingine, jina la kwanza kwa kadi ni la J. Hiyo ng'ambo ndio mpaka leo hatujaielewa.

Kwa hivyo mkiona nimeipenda hii muvi kuliko inavyostahili, mjue sababu.

Rudi kwa stori. Faith na wifi yake Kate wanamfukuzia huyo Damon mpaka Roma, kiatu kinamtoka mguuni, kinaokotwa na Mmarekani muuza viatu, na huyo ni Robert Downey Jr., miaka 14 kabla hajavaa chuma za Iron Man. (Mchumba daktari wa miguu, huyu wa viatu, huyu dada mapenzi yake yote yanaanzia chini. Na vile huyu jamaa ana mdomo, soko la Kibuye siku ya Jumapili angemaliza gunia la mitumba kabla ya saa nne.) Akisikia anayetafutwa ni Damon Bradley, anasema ndio mimi. Wanatembea Roma usiku kucha, mpaka wanafika pale kwa jiwe la Bocca della Verità, lile wanasema linauma mkono wa mwongo, na yeye hapo ni mwongo mtupu.

Halafu anakiri, mimi naitwa Peter. Hiyo sini angalieni uso wa Tomei. Dakika moja iliyopita alikuwa amefika, ametulia, safari ya maisha imeisha, na mtu ni yule yule, macho yale yale, kimebadilika ni jina tu, na anamfukuza. Sijaona muvi ingine ya mapenzi ikiuliza hilo swali waziwazi hivyo, kwamba ulikuwa unampenda huyu mtu ama ulikuwa unapenda kutabiriwa. Binamu kwa upande wake hakujali maswali, alisema tu "huyo ni tapeli, wacha macho mazuri," na siwezi kumpinga sana, muvi inamsamehe Peter haraka mno na bado kuna ujanja mwingine anafanya mbele ambao mimi ningemwitia askari.

Anayenifurahisha zaidi ni Bonnie Hunt, huyo Kate. Ameolewa na kaka ya Faith, ndoa imekauka, na yeye ndiye anatembea kando ya hawa wapenzi akiwa na swali la mtu mzima, ukishampata wako na bado mnakaa kimya mezani inakuwaje? Ningetamani wampe dakika zaidi.

Kasoro ziko. Wakifika Positano inaanza kuvuta miguu. Waitaliano karibu wote wamewekwa pale kupamba na kubeba mizigo. Na yule daktari wa watu anasahauliwa kama mwavuli kwa matatu. Lakini picha! Kamera ni ya Sven Nykvist, yule Mswidi aliyempigia Ingmar Bergman muvi zake, na dairekta ni Norman Jewison, kwa hivyo hata mahali stori inalala macho yako yanakula tu ile milima na bahari.

Kuhusu ule ubao kuna siri, inatoka karibu na mwisho, siitoi. Mtu mwenye kaka mkubwa ataishuku mapema.

Naipatia 7 kwa 10, binamu ameipatia 5 lakini ameiomba kwa flashi yake. Haifiki masaa mawili. Ukienda kuitisha mwambie kijana wa duka ni ile ya 1994, juu kuna Only You ingine ya 2018 ya wapenzi wanaotafuta mtoto, hiyo ni nzuri pia ila usiiweke siku ya mvua kama uko peke yako.