Ofisi ya mawakili iliyoshika kesi ya mume wangu New York, nawapa nyota 4

Naandika kwa ruhusa ya mume wangu. Jina la ofisi siweki sababu kesi yenyewe ni ya siri, ila nataka Waswahili wenzangu mlioko Marekani mjue huduma nzuri ya aina hii inakuwaje, maana matangazo ni mengi na mengine ni mtego kabisa.

Mume wangu kazaliwa New York, na alipokuwa mtoto kuna mtu mzima alimharibu kingono kwenye taasisi ambayo wazazi wake walimpeleka wakiamini yuko mikono salama. Hakumwambia mtu. Kwa sheria ya zamani ya jimbo lile ukishafika miaka 23 ndo basi, huwezi kudai fidia hata uwe na ushahidi wa namna gani, wakati wanaume wengi wanakuja kuweza kulitamka jambo hili wakiwa na miaka 40 au 50 huko. Februari 2019 ikasainiwa Child Victims Act, sheria ya waliodhulumiwa utotoni, umri ukasogezwa hadi 55, na wale ambao muda wao ulishakufa wakafunguliwa dirisha, yaani muda maalum wa kufungua kesi, kuanzia 14 Agosti 2019. Lilikuwa la mwaka mmoja, korona ikaingia wakaongeza mpaka 14 Agosti 2021, kesi zikapita 10,000.

Ofisi ya kwanza tuliyopiga ni ya tangazo la tivii. Simu inapokelewa saa zote lakini anayepokea ni kijana wa kolisenta, anauliza uliguswa wapi, mara ngapi, kama anajaza fomu ya bima ya gari, halafu anataka usaini mkataba kwenye simu hapohapo. Kuja kuulizia vizuri kumbe wao mahakamani hawaendi, wanakusanya watu wanawapeleka kwa mawakili wengine na wao wanakula sehemu ya malipo. Mume wangu alikata simu na ilibaki kidogo aache kabisa, na hilo ndo linaloniuma, kwamba mtu kakaa na siri tangu utotoni halafu wa kwanza kumsikiliza anamfanyia vile.

Hii ya pili tulielekezwa na mshauri nasaha wake. Wakili ni mama mtu mzima, na kabla hajauliza chochote cha kesi aliuliza kama mume wangu analala, na ana nani wa kuongea naye. Mimi akaniomba kwa heshima nikae nje wakati anasimulia, akatueleza sababu, kwamba maneno ya mteja na wakili yanalindwa kisheria na akiwepo mtu mwingine chumbani upande wa pili unaweza kudai kinga hiyo imevunjika. Kuhusu pesa aliongea wazi, theluthi ya fidia ni yao, mkikosa hamlipi ada. Mahakama ikiridhia kesi inaenda bila jina lake. Na hata mhalifu akiwa kashakufa bado inawezekana, kwa sababu anayedaiwa ni taasisi, walijua nini, lini, walimhamishia wapi, ndo maana wanapekua mafaili ya zamani ya wafanyakazi.

Kubwa zaidi, kabla hatujasaini alituambia kwamba taasisi inayoshtakiwa inaweza kuomba mahakamani itambuliwe imefilisika. Hukohuko jimbo la New York, dayosisi ya Katoliki ya Rochester ilikimbilia huko Septemba 2019, Buffalo Februari 2020, Rockville Centre Oktoba 2020, na ikishaombwa kufilisika kesi zote dhidi ya mdaiwa huyo zinasimama. Watu wa Rockville Centre, madai kama 600, muafaka wa dola milioni 323 umekuja kupatikana 2024! Taasisi aliyoishtaki mume wangu nayo ikaenda njia hiyohiyo, kwa hiyo hakuna baraza la wazee wa mahakama (jury) la kukusikiliza, unajaza fomu ya madai na msimamizi anakupima kwa karatasi. Mume wangu alitaka kusimama mahakamani aseme. Baltimore, jimbo la Maryland, ambako kanisa Katoliki nalo liliomba kufilisika, mwaka 2024 jaji wa ufilisi aliwapa manusura nafasi ya kusema mbele yake, na natamani ingekuwa kila mahali.

Wakati wa kusubiri kampuni za mikopo zilimwandama, wanakupa hela leo wakate kwenye fidia na riba kubwa, wakili akamshauri asiguse.

Nyota moja nimewanyima kwa sababu mbili. Wanapotea miezi bila hata meseji, na mtu anayesubiri jambo kama hili kimya kinamrudisha kulekule. Pia walituma barua nyumbani ya bahasha yenye jina la ofisi linaloonyesha wanashughulika na nini, na sisi tuna watoto wanaojua kusoma. Tulilalamika wakabadilisha, sasa wanatumia bahasha tupu.

New York lile dirisha limefungwa, na lile la waliofanyiwa wakiwa watu wazima nalo lilifungwa Novemba 2023. Ila Maryland tangu Oktoba 2023 wamefuta ukomo wa muda wa kudai kwa waliofanyiwa utotoni, na kila jimbo lina sheria yake, kwa hiyo usijihukumu mwenyewe kwamba umechelewa, piga uulize. Ushauri wa kwanza hawatozi kitu, na jambo la kwanza kuuliza ni hili: kesi mnaiendesha wenyewe au mnaipeleka kwa nani?