TAHADHARI kwa wenye Subaru za turbo Arusha na Moshi: kuna sensa feki zinazofaulu kwenye mita

Wakuu, hasa nyie mnaopenda kufungua magari wenyewe nyumbani, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela. Nimepigwa 180,000 mchana kweupe, tena nikiwa nimesimama palepale naangalia. Na hiyo hela ndiyo hasara ndogo. Kidogo injini nayo iende.

Gari ni Impreza WRX ya 2003, injini ya EJ20 yenye turbo. Taa ya cheki injini iliwaka, nikachomeka kimashine changu cha kusoma makosa ya injini, ikatoka kodi P0325, yaani nok sensa. Kwa asiyeijua, ni kidude cheusi cha duara kilichobanwa kwenye bloku kwa bolti moja inayopita katikati yake. Ndani kuna fuwele inayotoa umeme kidogo sana ikitikiswa. Kazi yake ni kusikiliza tu. Mchanganyiko wa mafuta na hewa ukilipuka ovyo ndani ya silinda, bloku inagonga, sensa inasikia, kompyuta inachelewesha moto wa plagi mpaka kugonga kuishe. Kompyuta ikigundua sensa imekufa, inarudisha taiming (wakati wa moto wa plagi) nyuma kwa usalama, na gari linakuwa zito kama limepakia mchanga. Langu lilikuwa hivyo. Hiace za Tengeru zilikuwa zinanipita na abiria wamening'inia mlangoni.

Nikaanza kutafuta spea. Madukani naambiwa agiza Dar, subiri. Ndipo chalii mmoja akanitumia status ya jamaa anayeuza "sensa mpya za Subaru, oriji, gwaranti miezi 3". Jina na namba yake siweki hapa, ila njia anayotumia nitaieleza vizuri, maana yeye mwenyewe huenda kesho akawa na laini nyingine.

Hana duka. Anakutana na wewe kwenye maegesho, mimi tulikutana Mianzini. Ana adabu sana, "bosi wangu" kila baada ya maneno matatu. Boksi lina stika safi, namba inaanza na 22060 kama inavyotakiwa kwa nok sensa ya Subaru. Kabla sijauliza chochote akatoa mita ya umeme mfukoni. "Bosi wangu, mimi siuzi kitu bila kupima. Andika namba hii." Akaweka mita kwenye ohm, yaani kupima upinzani wa umeme, akagusa pini: kiloomu 558. Akanionyesha kwenye simu yake ukurasa wa kitabu cha ufundi unaosema sensa nzima inatakiwa isome kati ya 400 na 700. Nikafurahi jamani. Nikajiona nimepata muuzaji anayejua anachofanya. Nikalipa kwenye namba yake ya kawaida, si Lipa Namba, risiti ya mkono yenye mhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi". Nikaondoka napiga mluzi.

Kufunga kwenyewe kulinichukua Jumamosi nzima hapa Njiro. Kwenye hii turbo intakula (kipoza hewa ya turbo) imekaa juu ya injini kama sahani, na sensa iko chini kabisa, nyuma ya bloku, imejificha chini ya manifoldi, yale mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini. Nikachomoa betri, nikasubiri turbo ipoe, nikalegeza klampu na bolti za intakula, nikaitoa taratibu. Hapo chini unaona giza tu na vumbi la miaka 20. Mkono wangu haukufika. Wa mpwa wangu aliye darasa la 7 ulizama mpaka kwenye kiwiko, akaipata soketi ya waya wa sensa kwa kupapasa, na mimi nikaifuata bolti kwa spana ya boksi ya 12, ekstensheni ndefu na jointi ya kukunja. Sensa ya zamani ilitoka na ufa unaoonekana kwa macho kwenye plastiki yake. Hilo ni kosa la kawaida kwa hizi gari, joto la pale chini si la mchezo.

Nikasafisha pale inapokaa mpaka chuma kikang'aa, maana sensa ikikalia kutu haisikii vizuri. Waya nikauelekeza nyuma kwa pembe ya nyuzi 60 kama kitabu kinavyotaka, nikakaza kwa spana ya kupimia, nyutoni mita 24, si zaidi. Bolti iliniponyoka mara mbili ikalala bondeni kwenye bloku, sumaku ya fimbo ikaniokoa. (Kama huna sumaku ya fimbo, usianze hii kazi. Nakuambia kama ndugu.) Jioni nikawasha. Taa haikurudi, P0325 hakuna, gari likaamka. Nikamtumia jamaa ujumbe wa kumshukuru!

Wiki mbili baadaye nimetoka Moshi kumsalimia mama, narudi na watu watatu garini, mchana wa jua kali. Unajua ile barabara, ukielekea Arusha unapanda polepole bila kujijua. Baada ya Kikatiti nikakanyaga kidogo kupita lori, turbo ikajaa, nikasikia sauti kama misumari inatikiswa ndani ya kopo. Tri-tri-tri-tri. Nikaachia mafuta, ikaacha. Nikakanyaga tena kidogo, ikarudi. Hapo ndipo jasho lilinitoka. Injini inagonga mpaka mimi naisikia kwa masikio yangu na madirisha yamefungwa, na sensa iliyobanwa juu ya bloku haisikii? Taa ya cheki injini kimya. Kompyuta haina habari, inaendelea kusogeza taiming mbele kana kwamba kila kitu ni salama.

Nikaendesha kwa mguu wa kubembeleza mpaka nyumbani. Kesho yake nikatoa plagi. Kwenye kauri nyeupe ya plagi ya silinda namba 4 kulikuwa na vidoadoa kama pilipili manga iliyosagwa, vingine vinang'aa. Anayejua anajua: ni alama ya mlipuko mbaya, na vile vinavyong'aa ni alumini ya pistoni imeanza kulika. Kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) bado iko sawa, nashukuru Mungu.

Nikaitoa ile sensa, kazi ileile upya, mpwa wangu safari hii kadai hela ya chipsi. Nikapima ohm: 558, vilevile. Nikaipeleka kwa fundi redio pale Kijenge, mzee wa siku nyingi. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaigeuza mkononi, akasema, "Mwanangu, kitu cha kusikia unakipimaje kwa ohm? Kigonge." Akaweka mita yake kwenye volti za AC, kipimo cha chini kabisa, akagonga sensa taratibu kwa mpini wa bisibisi. Sifuri. Akagonga tena kwa nguvu. Sifuri. Akachukua msumeno wa chuma akaipasua mbele yangu.

Ndani: gundi nyeusi iliyoganda, na rizista moja, kale kadude ka bei rahisi ka kuzuia umeme. Mistari yake: kijani, buluu, njano, dhahabu. Mzee akasoma mistari kama anasoma jina lake: "Tano, sita, sufuri nne. Laki tano na sitini elfu." Yaani kiloomu 560, dhahabu ni asilimia 5 juu au chini. Akafungua droo akanionyesha kopo zima la rizista kama hiyo. Fuwele hakuna. Walichofanya ni kuweka ndani upinzani uleule ambao kompyuta huutafuta kujua kama sensa ipo, basi. Gari linaamini lina masikio. Ndiyo maana nasema ni afadhali sensa iliyokufa kabisa kuliko hii, iliyokufa inawasha taa na gari linajilinda.

Nilimpigia jamaa. Kwanza alisema nimekaza kupita kiasi nikaiua. Nikamtumia picha ya ile rizista. Akasema kitu cha umeme kikishafungwa hakirudi. Kisha akanibloku. Fundi wangu wa magari nilipomsimulia akaniambia ana mteja wa Moshi, Forester ya turbo, boksi lilelile, mita ileile, alikutana na muuzaji karibu na stendi. Kwa hiyo anazunguka miji yote miwili.

Nimeripoti polisi na nimewaandikia Tume ya Ushindani, wale FCC wanaoshughulika na bidhaa bandia. Kama na wewe umeuziwa, tunza boksi, risiti na ujumbe wa muamala, usivitupe kwa hasira kama nilivyotaka kufanya mimi.

Mtu akikuletea nok sensa mwachie aringe na ohm zake, kisha mwombe aweke mita kwenye AC na wewe uigonge kwa spana. Namba zikiruka, endeleeni kuongea bei. Akianza kusema ana haraka, ana mteja mwingine anamsubiri Sakina, panda bodaboda urudi nyumbani. Mimi sasa nimefunga ya mtumba iliyotoka kwenye injini ya nusu gari (gari lililokatwa liuzwe spea), 60,000, niliigonga mwenyewe dukani mpaka muuzaji akaniuliza kama niko sawa.

Ile feki imepasuliwa nusu mbili, iko kwa yule mzee wa Kijenge, ameigongomea ukutani juu ya meza yake karibu na kalenda. Anayetaka kuiona apite.